Kodi ya Miezi Sita



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na maelezo yetu ya adabu za kula, kama tulivyoahidi. Lakini limetokea jambo ambalo tumeona si haki kulinyamazia. Basi adabu za kula tutaziweka hadi mwezi ujao, Inshallah.

Sisi tulio walimu wa chuo huwa na daftari la wanafunzi. Kila mtoto aingiapo huandikwa jina lake na jina la baba yake na sura aliyofikia, na kila aachapo kuja hukatwa kwa mstari, na pembeni huandikwa sababu. Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikaa peke yetu tukalifungua daftari la mwaka uliopita, tukazihesabu zile sababu. Wanafunzi waliokatwa walikuwa 18. Mmoja alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu na awape subira wazazi wake. Wawili walipelekwa shule za bweni. Waliobakia 15, mbele ya majina yao tuliandika neno moja tu: wamehama.

Wamehama kwenda wapi? Si Ukerewe, wala Tabora, wala Kigoma walikotoka wazee wao. Wametoka Mabatini wakaenda Igoma, na kutoka Igoma wakaenda Kishiri, na wengine Buhongwa, kwa kuwa mkataba wa nyumba ulikwisha, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mingine kwa mkupuo, na baba hakuwa nayo. Mtoto aliyekwisha maliza Juzuu Amma hapa kwetu na kuingia Tabaraka, huko aendako huanzishwa upya na Alfatiha, kwani mwalimu mpya hamjui. Na kabla hajafika pale alipoachia, huhamishwa tena. Hivyo mtoto hufika umri wa kubaleghe hali amezijua nyumba nyingi na sura chache.

Jambo hili ndilo lililotufanya tushike kalamu kuandika juu ya kodi za nyumba katika mji wetu wa Mwanza. Na tunamwomba msomaji asitudhanie kuwa tunaandika kwa kuwachukia wenye nyumba, kwani sisi wenyewe tunavyo vyumba viwili vya uani tunavyovipangisha, na sehemu kubwa ya haya tutakayoyaeleza ni makosa yetu sisi.

Kwanza tuseme neno la haki juu ya ughali wenyewe. Mji wetu umekaa baina ya ziwa na majabali. Upande mmoja ni maji, na upande wa pili ni mawe makubwa yaliyopandana, na ardhi iliyo tambarare baina yake ni kidogo. Tangu reli ilipofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, watu wa bara hii wameendelea kuja kutafuta riziki, na hawajaacha kuja hadi leo. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509, na katika sensa ya mwaka 2022 wakawa 3,699,872. Na zaidi ya watu milioni moja kati yao wamo katika wilaya mbili tu za mjini, Nyamagana na Ilemela. Wamo wauguzi na wagonjwa wa Bugando, na wanafunzi wa vyuo vya Nyegezi, na wachuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba, na mafundi wa viwanda vya sangara. Wote hawa wataka pahala pa kuweka ubavu usiku.

Na anayejenga juu ya vilima vya Mabatini au Igogo au Isamilo hajengi kwa urahisi. Jiwe hupashwa moto mpaka lipasuke, kisha hupigwa nyundo siku nyingi. Mchanga na saruji na maji hupandishwa kichwani, ndoo kwa ndoo, na kila ndoo ina ujira wake. Mtu aliyefanya kazi hiyo ana haki ya kupata matunda yake, wala si dhambi kwake kutaka kodi nzuri. Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.) ya kuwa bei zilipopanda Madina, masahaba walimwomba Mtume (S.A.W.) awawekee bei maalum, naye hakukubali. Aliwajulisha kuwa mwenye kupandisha na kushusha ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye atumaini kukutana na Mola wake pasiwe na mtu hata mmoja mwenye kumdai dhuluma ya damu wala ya mali.

Wenye nyumba wengi waijua nusu ya kwanza ya hadithi hii na huitaja upesi. Nusu ya pili hawaitaji. Nasi twasema kuwa nusu hiyo ya pili ndiyo yenye mazungumzo yetu ya leo. Hatukukusudia kuuliza kodi ni kiasi gani. Twauliza yatakwaje, na kwa nani, na imtokee wapi huyo mwenye kutakwa.

Desturi iliyoenea katika mji wetu ni kwamba mpangaji hulipa kodi ya miezi sita mbele, na pengine mwaka mzima, kabla hajakabidhiwa ufunguo. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 300,000. Dalali aliyekionyesha hutaka ujira wake, na aghlabu ni kodi ya mwezi mmoja, shilingi 50,000 nyingine. Basi mtu ambaye aweza kulipa 50,000 kila mwezi bila taabu, aambiwa alete 350,000 kwa siku moja.

Sasa tutazame riziki ya watu wetu. Nani katika Mabatini alipwaye miezi sita kwa mkupuo? Mchukuzi wa Mwaloni hulipwa kwa siku. Fundi wa ujenzi hulipwa kazi ikiwapo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika siku za giza, na mbalamwezi inapowaka hupumzisha mitumbwi yao; na wanawake wanaoanika na kuuza dagaa hupata na kukosa pamoja nao. Riziki ya watu hawa yaja kwa mwezi huo huo ambao sisi Waislamu twahesabia funga zetu na eda zetu. Mwenyezi Mungu amewagawia kwa mwandamo wa mwezi, nasi twawadai kwa nusu mwaka.

Yatupasa hapa tueleze lililotupata.

Mwaka juzi, mwezi wa Shaabani, alitujia kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu alipokuwa mdogo. Ni mchukuzi wa mizigo huko Mwaloni, mwenye sala zake na heshima zake. Akatuamkia shikamoo, tukamwitikia, akasema, "Ustadhi, ndoa yangu ni baada ya Idi. Nimesikia kile chumba cha uani kiko wazi." Tukamwambia kuwa ni kweli, na kodi yake ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na sharti ni miezi sita, kama walivyo majirani zetu wote. Akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Nipe siku tatu, ustadhi." Siku ya tatu akaja na shilingi 240,000 kamili, akatuhesabia mkononi. Tukamwombea dua, na tukamsifu mbele ya wenziwe kuwa huyu ndiye kijana ajuaye kujipanga. Wala hatukumuuliza fedha zile amezipata wapi. Kwa fedha zile tukanunua mabati tukaezeka chumba cha pili.

Bibi harusi akaja, naye alikuja na cherehani aliyopewa na mama yake. Akawa ashona sare za watoto, na mlio wa cherehani yake tukiusikia tunaposomesha. Mwezi wa tano tangu waingie, siku moja tukaona kimya. Tukadhani yu mgonjwa, tukamtuma mama watoto akamjulie hali. Akarudi akatwambia kuwa wamekuja watu wawili wakaichukua cherehani, na binti wa watu amekaa chini akilia, na ameapishwa na mumewe asituambie.

Tulipomwita yule kijana, akatueleza kwa haya kubwa. Siku ile alipotuomba siku tatu alikuwa na shilingi 90,000 tu. Zilizobaki 150,000 alizikopa kwa wale wakopeshaji ambao watu wa mitaani wamewaita kausha damu, kwa sharti la kurejesha 195,000 baada ya siku 30. Na akishindwa, alipe nyongeza ya 45,000 kwa kila mwezi, deni lenyewe likibaki vilevile. Alishindwa mwezi wa kwanza, kwani harusi nayo ilikuwa na gharama zake. Akalipa nyongeza miezi minne mfululizo. Mara nne 45,000 ni shilingi 180,000. Alikuwa amekwisha lipa zaidi ya alichokopa, na bado adaiwa 150,000 zote. Mwezi wa tano akakosa hata hiyo nyongeza, ndipo wakaja kuchukua cherehani ya mkewe.

Ndugu msomaji, piga hesabu pamoja nasi. Hizo 180,000 zilizokwenda katika riba ni kodi ya chumba chetu kwa miezi minne na nusu. Lau tungalimwambia, "Ingia, utalipa kila mwezi," angalitulipa miezi yote hiyo bila kukopa hata senti, na cherehani ingalikuwa yalia uani kwetu. Kijana hakushindwa na kodi yetu. Alishindwa na pupa yetu ya kuitaka yote siku moja.

Je, fedha tulizozipokea zilikuwa haramu? Tulilitafuta jambo hili vitabuni na tukawauliza walio wajuzi kuliko sisi. Jawabu ni kwamba kodi ile kwetu ni halali, kwani ni malipo ya manufaa tuliyoyatoa, na kulipa kodi mbele kwajuzu iwapo pande mbili zimekubaliana. Dhambi ya riba ni ya walioifunga. Lakini mtu asitosheke na jawabu hilo upesi. Mtume (S.A.W.) amewalaani katika riba watu wa namna nne: mwenye kuila, na mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, na akasema kuwa wote ni sawasawa. Kijana tuliyemfundisha Alfatiha kwa ulimi wetu ameingia katika kundi hilo ili atimize sharti tuliloliweka sisi. Sisi hatukuandika wala hatukushuhudia. Lakini njia ya kumfikisha huko ilianzia mlangoni petu.

Twahutubia kila Ijumaa kuwa riba ni haramu, na watu hudhani kuwa twazungumza habari za mabenki makubwa. Riba ya zama zetu imo uani na imo mifukoni, ndani ya simu. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Watu hawazikimbilii programu hizo kwa kupenda. Uliza, na utaona kuwa wengi wamekimbizwa huko na mambo matatu: ugonjwa, ada za shule, na kodi ya nyumba. Ugonjwa hatuna mamlaka nao. Lakini kodi ya nyumba ni sisi kwa sisi.

Tulimrudishia kijana yule kodi ya mwezi mmoja uliobaki na ya mwezi aliokuwa ameuanza, jumla 80,000, na majirani wakachanga 70,000. Deni la asili likalipwa na cherehani ikarudi. Lakini hatutaki kusifiwa kwa hilo. Mtu aliyemsukuma mwenziwe kisimani kisha akamtupia kamba hakufanya ihsani. Amepunguza ubaya wake tu.

Sasa tuangalie wanachuoni wetu wameandika nini juu ya upangaji wa nyumba, kwani wengi wetu twadhani kuwa dini ina maneno juu ya sala na mirathi tu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj ambacho masheikh wetu wa Kishafii wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameyaeleza mambo haya kwa uwazi. Tutataja machache yanayotuhusu.

La kwanza, ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo, na kuitengeneza nyumba ikae hali ya kukalika. Paa likivuja na mwenye nyumba asilitengeneze, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Basi wale wasemao, "Ukiingia, matengenezo ni juu yako," na hali choo kimebomoka na ukuta umepasuka, wajue kuwa wamelipokea pango la kitu ambacho hawakukitoa kamili.

La pili, nyumba ikianguka katikati ya muda, mkataba wa muda uliobaki umevunjika, na kodi ya muda huo ni mali ya mpangaji. Sisi watu wa vilimani twajua mvua za masika hufanya nini. Ukuta huanguka usiku, mpangaji akatoka na watoto wake wamelowa, na asubuhi mwenye nyumba humwambia kuwa fedha zimekwisha tumika. Kutumika kwake hakumwondolei deni. Ni deni shingoni mwake mpaka siku atakayokutana na Mola wake.

La tatu, mkataba wa kodi ni wenye kufunga pande mbili. Maadamu muda haujakwisha, mwenye nyumba hana ruhusa ya kupandisha kodi, hata kama jirani yake amepandisha. Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni mwaka 2025, tulimsikia dalali mmoja akiwashauri wenye nyumba waongeze kodi, kwa kuwa watu wa ng'ambo watakuja. Muda ukiisha, ana haki ya kutaja kodi mpya. Kabla ya hapo ni kuvunja ahadi, na Sura ya Al-Maida imeanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mapatano yao.

La nne ni dogo lakini laleta ugomvi mwingi. Kodi ya jengo inayodaiwa na Serikali, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kidogo kidogo katika ununuzi wa umeme wa LUKU, asili yake ni deni la mwenye jengo. Mpangaji anunuapo umeme amemlipia mwenye nyumba deni lake. Basi ama wapatane tangu mwanzo nani aichukue, au mwenye nyumba aikate katika kodi yake. Shilingi chache za haki si za kudharauliwa.

Na mpangaji naye ana yaliyo juu yake. Ufagizi wa nyumba ni wake, kama alivyotaja Imam Nawawi. Kodi ilipwe siku yake ilipofika. Akipata dhiki, aje aseme kwa uso wake, asimkimbie mwenye nyumba kwa kupitia njia ya nyuma. Na yule ahamaye usiku wa manane hali adaiwa, ajue kuwa amewafungia mlango maskini wenziwe watakaokuja baada yake, kwani kila mwenye nyumba aliyekimbiwa huongeza masharti.

Na hapa ndipo penye hoja ya wenye nyumba, nayo ni hoja ya kweli. Husema, "Tukipangisha kwa mwezi, watakimbia." Sisi tangu lile tukio tumekuwa tukipokea kodi ya mwezi kwa mwezi. Na hatufichi kuwa mpangaji mmoja wa chumba cha pili aliondoka na kodi ya miezi miwili, shilingi 80,000, na hatukumwona tena. Tulihasirika, na roho ilituuma.

Lakini tuliporudi kufikiri, tukaona kuwa kosa lilikuwa letu kwa kumwingiza bila maandishi na bila mdhamini. Sheria yetu tukufu imetupa njia ya kuhifadhi mali bila kumkamua mtu. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuliandika deni na kulishuhudisha. Na katika vitabu vyote vya fikihi mna mlango wa dhamana, ambapo mtu ajulikanaye humdhamini mwenziwe. Basi sasa twafanya hivi: kila mpangaji huandikiwa karatasi mbili, moja yake na moja yetu, hutaja kodi na muda na siku ya kulipa, na huja na mdhamini mmoja, awe ndugu yake, au imamu wa msikiti anaosali, au tajiri wake wa kazi. Tangu tuanze hivyo hajatukimbia mtu.

Lipo jambo jingine ambalo twalitaja kwa uzito, kwa kuwa lahusu mali ya Mwenyezi Mungu. Misikiti yetu mingi ina vyumba vya wakfu vya kupangisha. Katika kamati ya msikiti mmoja wa mjini, nasi tukiwa wajumbe, vyumba vinne vya wakfu hupangishwa kwa masharti yale yale ya miezi sita. Tulilileta shauri hili mbele ya kamati. Mhazini, naye ni mtu mwaminifu, akasema kuwa msikiti wadaiwa maji na umeme, na hauwezi kuchezea mapato yake. Mwingine akasema kuwa si halali kuipunguza kodi ya wakfu. Na huyu wa pili amesema kweli: msimamizi hana ruhusa ya kupangisha mali ya wakfu kwa chini ya kodi ipatikanayo kwa nyumba mfano wake. Lakini hapana aliyesema ipunguzwe. Shilingi 40,000 kila mwezi kwa miezi sita ni zile zile 240,000. Na maji na umeme wa msikiti navyo havidaiwi kwa miezi sita, hulipwa kidogo kidogo. Kamati haijakata shauri hadi leo tunapoandika. Lakini twawauliza wajumbe wenzetu, na wajumbe wa misikiti mingine wasomao gazeti hili: itakuwaje taa ya mihrabu iwashwe kwa fedha ambayo Muislamu ameikopa kwa riba ili ailete msikitini?

Wako wasemao kuwa haya ni kazi ya Serikali, itunge sheria. Nchi yetu ilipata kuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba, ya mwaka 1984, nayo ikafutwa mwaka 2005. Ikiwa itatungwa nyingine, ni kheri. Lakini Muislamu mwenye vyumba viwili hana haja ya kungoja Bunge ili amwambie jirani yake, "Lipa kila mwezi." Mtume (S.A.W.) amemwombea rehema mtu aliye mpole anapouza, na anaponunua, na anapodai haki yake. Na tuangalie kuwa hakusema aiache haki yake. Aidai, lakini kwa upole.

Mtume mwenyewe alipohamia Madina aliingia kwanza katika nyumba ya mtu, ya Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), akakaa chini na mwenye nyumba akakaa juu. Usiku mmoja mtungi wa maji ulivunjika huko juu. Abu Ayyub na mkewe wakalitwaa blanketi lao, na hawakuwa na jingine, wakayakausha maji kwa haraka yasije yakamdondokea mgeni wao. Wakalala bila ya kitu cha kujifunika. Hivyo ndivyo mwenye nyumba wa kwanza katika mji wa Madina alivyolala usiku kwa ajili ya aliye chini ya paa lake. Sisi hatuambiwi tulale bila blanketi. Twaambiwa tu tupokee haki yetu kwa mafungu.

Na nyinyi vijana, tuna neno kwenu. Msifunge ndoa kwa mkopo wa riba. Chumba kimoja kisicho na deni ni bora kuliko apatimenti yenye choo na jiko ndani ambayo watu watakuja kubeba vyombo vyake. Na enyi wazee wenye mabinti, msimwulize mchumba amepanga nyumba ya namna gani mkamtia katika mashindano na jirani. Katika Sura At-Talaq makazi na matumizi ya mke yamepimwa kwa uwezo wa mume, wala hayakupimwa kwa macho ya watu wa harusi. Na mwenye chumba kitupu nyumbani kwake, awape wanawe mwaka wa kwanza wa ndoa wajikusanye. Ni sadaka iliyo karibu mno.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura An-Nahl, aya ya 80, kuwa amezijaalia nyumba zetu ziwe pahala pa utulivu. Ameitaja nyumba miongoni mwa neema zake. Mwenye nyumba aliyepewa neema mbili, ya kukaa na ya kupangisha, akumbuke kuwa katika ile ya pili amekabidhiwa utulivu wa watu wengine na wa watoto wao.

Mwenye njia iliyo bora kuliko hizi tulizozitaja, na atuandikie, nasi tutaieleza hapa kwa faida ya wote. Nasi kila mwisho wa mwaka tutalifungua lile daftari, tuhesabu ni majina mangapi yameandikwa "wamehama".

Ewe Mola wetu, tupe makazi yenye utulivu duniani na Akhera, na utuepushe na riba, kuila na kuilisha na kuwasukumia wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.